Uzoefu wangu na gitaa la mninga lenye vifundo vilivyozamishwa

Mwaka jana niliagiza gitaa la umeme katika karakana moja ya hapa Dar es Salaam inayotengeneza magitaa kwa mkono. Nimelipiga kwa miezi minane sasa, jukwaani na nyumbani, na naona ninaweza kulieleza bila ushabiki wa siku za kwanza wala hasira ya siku zilizofuata. Kiwiliwili chake ni cha mninga, na ni kizito kiasi. Kuhusu sauti yake sitasema mengi, kwa kuwa pikapu, yaani vinasa sauti vya nyuzi, nilizihamisha kutoka kwenye gitaa langu la zamani. Nitakachoeleza ni vifundo vya kuzungushia sauti na toni, au nobu kama wengi tunavyoziita, ambavyo niliomba vizamishwe ndani ya mbao.

Ombi hilo halikuwa la mapambo. Napiga ridhimu katika bendi ya dansi, na katika magitaa yenye umbo la Stratocaster kifundo cha sauti kipo karibu sana na nyuzi, hivyo sebene inapokolea na mkono wa kulia kushika kasi, kidole cha mwisho hukigonga na sauti ikashuka bila mtu kukusudia. Kukihamishia mbali si dawa, maana nyimbo za taratibu huniponyoka iwapo siwezi kuipandisha sauti kwa kidole hicho hicho huku nikiendelea kupiga. Kifundo kilichozama, kikabaki kimechungulia milimita chache tu juu ya uso wa gitaa, hakigongwi lakini kinafikika.

Fundi alilielewa jambo hili haraka kuliko nilivyotarajia, na hapo anastahili sifa. Kiwiliwili kina unene wa milimita 44. Alichimba vishimo viwili vya duara vyenye kina cha milimita 9 na upana wa milimita 26, akaacha sakafu ya milimita 4 kati ya kishimo na uwazi wa nyuma unaobeba nyaya. Kipimo hicho cha sakafu ndicho roho ya kazi yenyewe, kwani sehemu yenye hesi ya potenshiometa za kawaida, yaani vile vifaa vya umeme vinavyozungushwa na vifundo, ni fupi, na mbao ikizidi unene nati haipati pa kushika. Ikipungua mno, sakafu hupasuka siku ya kwanza utakayokikandamiza kifundo kwa nguvu. Vifundo alivikereza kwa mpingo, vyenye upana wa milimita 24, akavifukua kwa chini ili vimeze nati. Vile vile hakutumia skrubu ndogo ya ubavuni inayobana vifundo vingi vya chuma, kwa sababu kifundo kikishazama bisibisi haina pa kupitia, badala yake akachagua potenshiometa zenye shafti (mhimili unaobeba kifundo) iliyopasuliwa ili kifundo kisukumwe tu na kushika.

Kasoro ya kwanza niliiona siku ya kuchukua gitaa. Kuta za vishimo zilikuwa wima kabisa, na kidole changu hakikuwa na njia ya kuingia kukishika kifundo ubavuni. Nilimwonesha, naye akaondoa ukingo wa juu kwa tupa ya duara hadi ukawa mteremko laini wa kuelekea upande wa nyuzi. Kazi hiyo ilimchukua chini ya saa moja na ilibadilisha kila kitu. Ningemshauri yeyote anayeagiza vifundo vya aina hii audai mteremko huo tangu kwenye mchoro.

Kasoro ya pili ndiyo iliyonikera. Kifundo cha sauti kilikuwa kikikwaruza ukuta kila kilipofika karibu na katikati ya mzunguko wake, kisha kinaachia. Nilipompigia simu fundi, jibu lake lilikuwa, "Kaka, wewe kizungushe tu, kitajilainisha chenyewe." Mpingo haujilainishi wenyewe. Ni mti mgumu na mzito kiasi cha kuzama majini, na kilichokuwa kikiliwa taratibu ni mninga wa watu.

Basi nikaamua kuichunguza mwenyewe. Kama shafti ingekuwa imesimama kando ya kitovu cha kishimo, kifundo kingegusa mahali pamoja ukutani katika mzunguko wote. Hiki changu kiligusa kwa ubavu wake mmoja tu, na katika sehemu moja tu ya mzunguko, maana yake tundu la kifundo lilitobolewa kando ya kitovu chake. Kukitoa nako kulikuwa na mtihani wake, kwa sababu hakina ukingo wa kushika. Nilipitisha uzi imara chini yake, nikauvuta kwa upole pande zote mbili ili nisivunje shafti. Kishimo kilichobaki wazi nilikiziba kwa utepe wa karatasi wenye gundi, kwani vumbi likiingia kwenye potenshiometa utalisikia kwenye amplifaya.

Nilikichomeka kifundo kwenye kipande cha nondo laini ya milimita 6, nikakifunga kwenye keekee, nikakipaka chaki ubavu mzima na kukizungusha taratibu huku nimeshikilia msasa namba 120 uliogandishwa juu ya kibao bapa. Chaki ilifutika upande mmoja tu, kama mwezi unaoandama, na upande wa pili ukabaki mweupe kwa dakika nyingi. Ilipofutika kote nilijua kifundo sasa kinazunguka juu ya kitovu chake. Nikaendelea na namba 240, 400 na 800, kisha kitambaa chenye mafuta kidogo, na mpingo ukang'aa bila vanishi. Vaeni barakoa, vumbi lake huwasha pua na ngozi.

Ukuta wa kishimo niliusugua kwa msasa uliozungushwa kwenye kipande cha bomba la plastiki la nusu inchi, si kwa kidole, kwa sababu kidole huacha mawimbi. Hapa kuna jambo ambalo karakana ililipuuza: katika kishimo cha duara, nyuzi za mbao hukatwa vichwa katika pande mbili zinazotazamana, na pande hizo hunywa vanishi zaidi na kuwa nyeusi. Zilihitaji msasa laini kuliko pande nyingine kabla ya kupakwa tena, na hata sasa, ukilitega gitaa kwenye taa, utaona vivuli viwili hafifu.

Kifundo cha toni nimekiacha kama kilivyotoka karakanani, kinagusa kidogo kikifika mwisho. Wiki iliyopita nilimpelekea fundi picha za kifundo kile cha sauti kikiwa kwenye keekee. Amesema nimletee cha toni akikereze upya bila malipo, na akaniuliza nondo niliyotumia niliipata duka gani.