BACI kwa tasnifu ya biashara ya kimataifa: uzoefu wangu nikiwa Mbeya

Kwa anayeandika tasnifu ya uzamivu kuhusu biashara ya nje, BACI ndiyo data ninayoipendekeza kwanza. Inatolewa bure na CEPII, kituo cha utafiti cha Paris, kutokana na takwimu za Comtrade za Umoja wa Mataifa. Taarifa za muuzaji na za mnunuzi zimesuluhishwa na gharama za usafirishaji zimeondolewa, hivyo kila bidhaa kati ya nchi mbili inabaki na thamani moja kwa mwaka.

Ukitaka miaka kuanzia 1995 chukua toleo la HS92, yaani lenye misimbo ya bidhaa ya HS (mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa) ya mwaka 1992. Ni zito, pakua kwa bando la usiku. Kila mwaka una faili lake lenye safu sita: t mwaka, i muuzaji, j mnunuzi, k bidhaa (msimbo wa tarakimu sita), v thamani kwa maelfu ya dola, q uzito kwa tani. Nchi zimeandikwa kwa namba: Tanzania ni 834, Zambia 894, Malawi 454. Usifungue kwa Excel. Inaishia mstari wa 1,048,576, halafu inakula sifuri ya mwanzo: kahawa 090111 inakuwa 90111. Ukija kuunganisha na jedwali la ushuru, kahawa, chai na parachichi (080440) zinapotea zote, mahindi (100590) yanabaki, na kompyuta haikuambii kitu. Soma k kama maandishi.

Nchi zisizouziana bidhaa fulani hazimo kabisa kwenye faili. Jaza sifuri mwenyewe, kisha kadiria modeli ya mvutano (inayoeleza biashara kwa ukubwa wa nchi na umbali kati yao) kwa Poisson, njia inayokubali thamani za sifuri: tumia amri ya ppmlhdfe kwenye programu ya Stata au fepois kwenye R. Ukichukua logi unazitupa sifuri hizo, maana logi ya sifuri haipo, na makadirio yanapinda. Ila kwetu huku sifuri si lazima iwe sifuri kweli. Mahindi yanayovuka mpaka wa Tunduma kwenda Nakonde, Zambia, kwa baiskeli, bila karatasi ya forodha, hayamo. Chai ya Mufindi nayo ina utata wake: ikipitia mnada wa Mombasa, Tanzania inaweza kuandika imekwenda Kenya, wakati mnunuzi wa mwisho anaandika imetoka Tanzania. Usuluhishi wa BACI hauondoi hilo. Linganisha na Comtrade ghafi kabla hujaamini namba ya chai.

Wenzangu wa uchumi wa makro, msiingize kiwango cha kubadilisha shilingi kwa kwacha ya Zambia pamoja na athari za nchi na mwaka (kiashiria kimoja kwa kila nchi kwa kila mwaka) za pande zote mbili. Kiwango hicho ni uwiano wa sarafu mbili dhidi ya dola, na kila upande umeshamezwa na athari zake, kwa hiyo kigezo kinadondoka. Kizidishe na sifa inayotofautiana kwa bidhaa, mfano sehemu ya malighafi inayoagizwa nje. Na kagua mfululizo wa kwacha: Januari 2013 Zambia iliondoa sifuri tatu, kwa hiyo gawa kwa 1,000 viwango vyote vya kwacha kwa dola vya kabla ya hapo, kama bado havijarekebishwa.