Crown Handler: sinema tamu, maandishi yamekuja kesho yake

Naanzia pale palipoharibika: maandishi ya chini, yale yanayotafsiri maneno ya Kijapani. Kama kuna anime, yaani katuni ya Kijapani, ambayo huwezi kuitazama maandishi yakiwa yamechelewa, ni anime ya majasusi. Watu wakipigana unaelewa. Wakipendana unaelewa hata kama hujui neno moja la Kijapani. Lakini mabinti watano wanaodanganya tangu asubuhi hadi usiku wa manane, kila mmoja na hadithi yake ya kutunga, hapo sentensi ikikosa mwenyewe umekwisha.

Hii ni Princess Principal: Crown Handler, sehemu ya kwanza, iliyotoka 2021 kuendeleza ule mfululizo wa 2017. Kwa ambaye hajauona: London imekatwa vipande viwili kwa ukuta, Ufalme wa Albion huku, Jumuiya ya Albion kule, na kila upande unamchungulia mwenzake. Mchana mabinti hawa ni wanafunzi wa shule ya watoto wa wakubwa, ndani ya ufalme. Usiku wanaifanyia kazi Jumuiya. Na mmoja wao, hapo ndipo utamu ulipo, ni binti wa kifalme mwenyewe.

Tangazo la wakala wangu, aliyeniuzia sinema hii, liliandika "mabinti wenye nguvu za ajabu". Haya, tuseme. Ange ana kifaa cha Cavorite kinachowaka kijani, akikiwasha uzito unamtoka na anapaa juu ya mapaa. Beatrice alifanyiwa ukatili na baba yake mzazi, koo lake likawa mashine, na sasa anaiga sauti ya mtu yeyote. Chise ana upanga. Dorothy ana gari na mdomo. Princess, yule wa kifalme, hana chochote zaidi ya tabasamu, na ndiye ninayemwogopa kuliko wote.

Sasa wakala. Ni kijana wa hapa hapa mtaani, ana programu yake ya kutazamia, unamrushia hela kwenye simu anakufungulia. Sina neno na bei. Picha safi, haikwami, hata bando halikuliwa vibaya. Lakini maandishi! Yalianza kwa kuchelewa kidogo, ukadhani ni macho yako. Kadiri sinema ilivyosonga yakazidi kubaki nyuma, mpaka mtu anafunga mlango na kuondoka ndipo unasoma salamu aliyoingia nayo. Mwanzoni unaweza kudhani ni makusudi, maana watengenezaji hawa wana vituko vyao: mfululizo wa 2017 ulifungua na kisa namba 13, ndipo ukarudi namba 1. Hapana. Hii ilikuwa uzembe tu.

Kuna mahali Ange na Princess wanabaki peke yao chumbani. Wale wawili wanafanana kama shilingi kwa ya pili, na aliyeuona mfululizo anajua siri iliyo kati yao, asiyeuona simharibii. Ndiyo mazungumzo niliyoyasubiri miaka yote ile. Mmoja ananyamaza, mwenzake anageuza uso kidogo, midomo inatikisika, na chini ya skrini kunaandikwa maneno ya mzee aliyekuwa kwenye onyesho lililopita! Halafu swali la Ange likatokea Princess akiwa anajibu, na jibu likatokea wote wawili wakiwa wameshanyamaza. Nikarudisha nyuma. Nikarudisha tena. Nani kamwahidi nani? Nani anaogopa? Yaani sura moja, nguo karibu moja, na maneno yanaelea hayana mwenyewe.

Nikamwandikia wakala. Akajibu anapotaka mwenyewe: "Zima uwashe." Nikazima, nikawasha. "Cheki bando lako dada." Bando lipo kaka, picha inakimbia, kinachochelewa ni maandishi. Kimya. Baadaye akanitumia sauti, nyuma yake watu wanacheka: "Dada yangu, si katuni hiyo? We angalia picha tu, utaelewa."

Angalia picha tu.

Hapo ndipo nilipoamua kuandika haya. Ningemsamehe ubovu wa programu, mitambo huharibika. Lakini mtu achukue hela yako halafu akuambie ulichonunua ni cha watoto, kwa hiyo usidai? Katuni gani hiyo, inayohusu mtu anayeitwa Bishop, jasusi aliyepandikizwa kwenye kasri, mpaka wakubwa wake wakaanza kumshuku anakula pande zote mbili na kuwatuma mabinti wakampime? Mtu mzima aliyedanganya mpaka uongo ukawa ndiyo maisha yake. Mwambie mtoto wa darasa la pili akueleze hilo kwa kuangalia picha.

Kwa hasira nikampa nyota moja, nikataka na sinema niipe hiyo hiyo. Ila sinema imefanya nini jamani? Nikaiendea tena usiku, maandishi nimeyaziba kwa kipande cha karatasi, maana kuliko kusoma uongo ni bora kutosoma. Na hapo, sijui niseme vipi, nikaanza kumsikia Ange. Sauti yake imebadilishwa: mfululizoni alikuwa Ayaka Imamura, kwenye sinema ni Aoi Koga. Nilikuwa nimejiandaa kabisa kumchukia huyu mpya. Lakini sikiliza anavyoongea akiwa kazini, bapa, kama anasoma risiti, halafu sikiliza sauti inavyoshuka akibaki na Princess. Haihitaji Kijapani chako wala changu, unaelewa tu kwamba hapa hadanganyi. Ongeza muziki wa Yuki Kajiura chini yake, nikajikuta nimekaa kimya hadi majina ya mwisho.

Kwa hiyo kijana alisema kweli? Hata! Yeye alisema picha, mimi nasema sauti. Na nani alimuuliza.

Malalamiko mengine ni ya haraka. Sinema yenyewe haifiki hata saa moja, unakolea tu inakata. Sehemu ya pili ilitoka mwaka huo huo wa 2021, ya tatu ikaja 2023, ya nne 2025, na zimeahidiwa sita. Tutazeeka na hawa watoto bado wako shuleni.

Nyota nne kwa sinema. Nilikuwa nimeandika tatu, nimebadilisha nikiwa naandika. Anza na mfululizo wa 2017, usiruke, la sivyo lile onyesho la chumbani litakupita bure hata maandishi yakiwa sawa. Na kabla hujamrushia wakala yeyote hela, mwambie akufungulie dakika kumi za katikati, si za mwanzo, za katikati, uone midomo na maandishi kama vinafahamiana. Wangu bado hajarekebisha. Jana kaniuliza kama nataka kulipia mwezi mwingine, na kanipunguzia.