Squoosh: uzoefu wangu wa kupunguza uzito wa picha za tovuti

Naandaa kurasa za tovuti, na siku hizi siweki picha mtandaoni kabla haijapitia Squoosh. Ni programu ya bure iliyotolewa na timu ya Chrome ya Google mwaka 2018, na inafanya kazi ndani ya kivinjari. Picha haipakiwi kwenye seva ya mtu. Inabanwa hapo hapo kwenye kifaa chako. Kwa anayeshika picha za wateja, hilo ni jambo kubwa.

Nilichoipendea ni ule mstari wa katikati. Upande mmoja picha asilia, upande wa pili iliyobanwa. Unauburuta mstari huku na huku, na kila ukibadilisha mpangilio unaona uzito mpya wa faili. Na wenzangu tumebishana sana kuhusu namba za ubora, zile zinazoamua picha ibanwe kiasi gani, huyu anasema 80, yule 60. Namba hiyo si asilimia ya kitu chochote, na katika aina za faili za picha, 60 ya JPEG si sawa na 60 ya AVIF. Hapa unaamua kwa macho.

Ila kabla hujagusa ubora, punguza vipimo vya picha, yaani upana na urefu wake. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ina pikseli milioni 12. Ishushe hadi 1600 kwa 1200, zinabaki chini ya milioni 2, na ikiwa ndani ya makala ni nadra mtu kuona tofauti. Wengi wanairuka hatua hii. Wanaibana picha ikiwa na vipimo vyake vyote mpaka nyuso zinajaa vimiraba, na faili bado nzito. Huwa inaniuma, maana anayelipia ni msomaji mwenye bando dogo.

Kuna bango nililolibana kwa MozJPEG, kibanaji cha JPEG kilichomo humo, ubora 75, ambao ndio programu huanza nao. Anga na nyuso zilitoka safi, lakini kingo za herufi nyekundu zikaingia ukungu. JPEG kwa kawaida huhifadhi rangi kwa undani mdogo kuliko mwanga, kwa kuwa macho yetu hutambua tofauti za mwanga vizuri zaidi. Kwenye picha ya mandhari huoni kitu. Kwenye maandishi mekundu unaona mara moja. Nikafungua mipangilio ya ziada, nikazuia ule upunguzaji wa rangi, herufi zikanyooka, na faili ikaongezeka kidogo tu. Bila kuikuza picha na kuuburuta ule mstari juu ya herufi, ningeipitisha vile vile.

AVIF mara nyingi hutoa faili nyepesi kuliko JPEG, hasa kwenye anga na kuta laini. Ukiikaza mno, ngozi na nyasi zinalainika kama plastiki, na kuibana huchukua muda. Mimi hutumia WebP zaidi, aina nyingine ya faili ya picha. Nembo na picha za skrini naziacha kwenye faili za PNG kupitia OxiPNG, kibanaji kisichopoteza kitu, na pale rangi zikiwa chache naipunguza idadi yake, nikihakikisha nimebakiza zile zinazotumika.

Anza na picha asilia kila mara. Ukibana JPEG iliyokwisha kubanwa, kasoro zinarundikana.

Kwenye ukurasa wake inashughulikia picha moja moja. Nikiwa na picha nyingi, napima mbili tatu humo, ile ngumu kuliko zote ikiwemo, kisha naihamishia mipangilio iliyofaa kwenye programu inayobana folda nzima.