Tahadhari: Muuzaji wa Kompaundi na Pedi za Kung'arishia Rangi ya Gari Anatapeli Watu

Yeyote anayetaka kuondoa mikwaruzo kwenye rangi ya gari lake ajihadhari na muuzaji ambaye anaita kompaundi, yaani dawa ya kuisugua rangi hadi mikwaruzo iishe, kitu ambacho kwa kweli ni mafuta ya kufichia mikwaruzo. Gari langu ni jeusi, na rangi yake ilikuwa imejaa mikwaruzo.

Muuzaji huyo aliliegesha kivulini, akaifuta boneti kwa kitambaa cha mikrofaiba, akawasha taa na kuielekeza kwa upande ili ile mikwaruzo ya duara, iliyotanda kama utando wa buibui, ionekane vizuri. Akatia matone machache kwenye pedi ya sponji, akaipitisha mashine taratibu bila hata kuikandamiza, akafuta, kisha akamulika tena pale pale. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja! Akanieleza kwamba kompaundi hiyo inakata (inasugua mikwaruzo) na kumalizia (inang'arisha) kwa mara moja, na kwamba pedi ya rangi ya chungwa daima ni ya kukatia na nyeusi ni ya kumalizia. Ningekataaje, ilhali matokeo yalikuwa kwenye boneti yangu mwenyewe wala si kwenye picha? Tena alizungumza kwa ufasaha juu ya oksidi ya alumini, ule unga mgumu wa kusugulia, na chembe zinazovunjika kadiri zinavyosuguliwa, mambo ambayo ni ya kweli, isipokuwa hayakuwemo kwenye chupa yake.

Gari lilipooshwa kwa sabuni mara chache, mikwaruzo yote ilirudi. Sehemu nyingine, ambayo ilikuwa bado inang'aa, niliifuta kwa alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji, na mikwaruzo yake ikafichuka papo hapo. Pedi zilikuwa balaa zaidi: ile nyeusi ilikuwa ngumu, ikaacha ukungu kwenye klia (tabaka angavu linaloilinda rangi kwa juu), kisha sponji ikabanduka kutoka kwenye kitambaa cha kuinasia kwenye mashine huku mashine ikizunguka. Klia ya kiwandani aghalabu haizidi mikroni 50 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na kuuondoa ukungu huo ni kulipunguza tena tabaka ambalo halijirudishi. Nilipodai fedha zangu, alinijibu kwa dharau kwamba sijui kushika mashine.

Mtu wa namna hii anastahili kufungiwa biashara, bidhaa zake zikamatwe, afikishwe mahakamani na alazimishwe kugharamia kila gari aliloliharibu, kwa kuwa anayeuza mafuta kwa jina la kompaundi ni mwizi, hata akiwa na duka na tabasamu. Faini peke yake haitoshi; ataitoa kwenye faida na kuendelea.

Dalili zilikuwepo: chupa haikuwa na jina la mtengenezaji, na alipomaliza kuonyesha aliharakisha kupaka nta juu ya sehemu ile. Rangi za pedi nazo hazina kanuni moja, kila mtengenezaji hupanga zake. Akikataa kufuta kwa alkoholi mbele yako, ondoka.

Chupa, risiti na pedi iliyobanduka ninazo. Mlionunua kwake msitupe chochote, na mpige picha za rangi kabla fundi mwingine hajaigusa, ili tuwasilishe malalamiko yetu kwa pamoja.