Uzoefu wangu na albamu ya Jandek, Glasgow Sunday

Nimepiga gitaa la ridhimu katika bendi za dansi hapa Kigoma kwa miaka mingi, na tangu mwanzo nilifundishwa kwamba gitaa ambalo nyuzi zake hazijapatanishwa halipandi jukwaani. Ndiyo maana mpwa wangu aliponiletea albamu hii, ambayo gitaa lake halina upatanisho tunaoujua, niliizima kabla wimbo wa kwanza haujaisha. Niliirudia usiku mwingine nikiwa peke yangu nyumbani, Ujiji, nikavaa hedifoni, na safari hiyo nikaisikiliza yote.

Jandek ni jina analotumia mwanamuziki wa Houston, Marekani, ambaye tangu 1978 alikuwa akitoa albamu kupitia lebo yake, Corwood Industries, bila kujitangaza na bila kufanya onyesho hata moja, hadi tarehe 17 Oktoba 2004 alipojitokeza katika tamasha la Instal mjini Glasgow, Uskoti, bila jina lake kutangazwa kabla. Onyesho hilo ndilo lililotoka kama albamu mwaka 2005.

Kilichonishika ni wenzake wawili. Mtu aliyezoea kurekodi peke yake hapa ana Richard Youngs kwenye besi na Alex Neilson kwenye dramu, na Neilson hashiki mapigo kama tunavyoyashika katika rumba. Anamsikiliza Jandek, ambaye ndiye mwimbaji na mpiga gitaa, anamwacha atangulie, kisha anaingia kwa kishindo pale sauti inapokaribia kukatika. Gitaa lenyewe linabaki bila upatanisho huo, lakini besi inalipa mahali pa kuegemea, na nadhani bila besi hiyo ningeshindwa kuendelea. Nimewaambia vijana wa bendi yetu kwamba kusikilizana kwa namna hii, pasipo korasi wala mzunguko wa kodi (chords) za gitaa wa kuwaongoza, ni kazi ngumu kuliko sebene yoyote tuliyowahi kuipiga.

Sauti ya mwimbaji ni kavu, ya mtu anayelalama bila kuomba ahurumiwe, na katikati ya albamu nyimbo hufanana mno hata nikachoka kidogo. Asiikusudie kwa sherehe mtu yeyote. Lakini makofi yanaposikika baada ya wimbo, nami nikikumbuka kwamba mtu huyu alitoa muziki kwa miaka 26 bila kusikia makofi ya hadhira, huwa nasimamisha sidii kwanza, nitulie, ndipo niendelee.