Rangi ya gari imechoka: polishi au kupuliza upya?

Jua la Mombasa na hewa ya chumvi huanza na boneti na paa. Kabla ya kutoa hela, pitisha kidole. Rangi ikiwa imefifia tu, na inaacha unga mkononi, piga polishi ya mashine. Gari la zamani lisilo na klia, yaani tabaka angavu la juu ya rangi, litapaka kitambaa rangi yake. Usishtuke, hiyo ni ngozi iliyoungua inatoka. Bei ni nafuu, ila bila waksi baadaye ni kazi bure. Wala usirudierudie: klia ni nyembamba kuliko unywele.

Ukucha ukinasa kwenye ukingo wa klia iliyobambuka, polishi haisaidii kitu. Hapo ni msasa, praima, rangi, klia mpya. Ghali, na gari linalala gereji. Palipovimba mara nyingi pana kutu chini, kwa hiyo simama hapo hapo fundi akwangue hadi bati. Wengine hufunika kwa puti tu, miezi michache inafura tena. Epuka pia kupulizia nje, vumbi la malori ya Changamwe likagandia rangi mbichi.

Mimi ningepuliza boneti na paa, milango niipige polishi.