Maski ya kuzamia niliyonunua Mtwara mjini, nne kwa tano

Jamani mnaoanza kujifunza kuzamia huku Msimbati na Mikindani, hii maski ya silikoni nyeusi yenye vioo viwili mi naikubali. Pale puani laini haibani, na haina nafasi kubwa ndani kwahiyo maji yakiingia unapuliza na pua kidogo tu yanatoka. Muuzaji alikomaa nikaze mkanda, hapana, ukikaza sana silikoni inajikunja maji yanapita na unatoka na alama usoni kama umelalia mkeka. Kipimo chake iweke usoni bila mkanda, vuta pumzi na pua kidogo, achia mikono, ikishika hiyo yako, ikidondoka irudishe hata kama bei nzuri. Wenye masharubu poleni, hapo juu ya mdomo mara nyingi panavuja, na dada zangu angalieni nywele zisibanwe pembeni. Ikiwa mpya sugua vioo kwa ndani na dawa ya meno halafu suuza, la sivyo ukungu utakukomesha, samaki wa Mnazi Bay utawasikia kwa wenzio tu. Ukishuka ikaanza kunyonya uso, toa hewa kidogo kwa pua. Nyota moja nimeinyima sababu ya kishikizo cha mkanda, plastiki yake nyepesi mno.